Kabla hujafunga boksi la kusafisha umeme wa hom thieta, tuongee kuhusu ethi

"Shikamoo fundi. Niko Tanga, Ngamiani, nimepanga vyumba viwili. Nina tivi inchi 43, king'amuzi na sabufa ya spika tano. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, uliporudi ulikuja na kishindo sabufa ikatoa moshi, nikabadilishiwa bodi ya pawa. Sasa nimeona video za watu wa nje wanatengeneza pawa kondishona wenyewe na mimi nataka yangu. Nimeshachomoa vitu kwenye mabodi mabovu: varista tatu za bluu zimeandikwa 14D271K, nimeona 271 inatosha maana umeme wetu ni 230, koili ya tivi ya chogo na kapasita kadhaa. Tena spika zangu zinaunguruma hata sauti ikiwa sifuri, na nikigusa nyuma ya tivi nikiwa peku nasikia kama natekenywa. Hili boksi litamaliza haya yote? Na ni kweli linaongeza besi? Soketi ni za matundu matatu ila fundi aliniambia ndani hakuna waya wa ethi."

Marahaba kijana wangu, na pole kwa sabufa. Nimelisoma swali lako mara mbili, na sentensi iliyonishtua ni ile ya mwisho kabisa uliyoiandika kama ya kupita tu, kwamba ndani hakuna ethi, yaani ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Tutarudi hapo, maana hapo ndipo penye ugonjwa wako karibu wote.

Kwanza hizo varista, vile vidude vya kumeza volti ikizidi, usizifunge, ziweke pembeni kabisa. Namba 271 haisomwi mia mbili sabini na moja. Inasomwa 27 halafu sifuri moja, yaani 270, na hiyo ni volti ya umeme wa moja kwa moja kama wa betri, ndipo varista inapoanza kupitisha. Umeme wa ukutani unaouita 230 ni wastani tu, unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde na kileleni unafika kama volti 325. Sasa piga hesabu, kitu kinachofunguka kwenye 270 umekiweka kwenye 325, kinafunguka kila mzunguko, kinachemka, na kabla hujakaa kwenye kochi kimepasuka. Niliwahi kuletewa ekstensheni moja iliyotengenezwa hivyohivyo, nilipoifungua varista ilikuwa imekauka nyeusi kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta na plastiki ya juu yake imeyeyuka ikashuka mpaka kwenye shaba. Mwenyewe alibahatika alikuwa sebuleni macho. Kwa umeme wetu tafuta iliyoandikwa 431, hiyo inavumilia 275 za ukutani, au 471 inayovumilia 300. Mimi kwa hizi volti zetu zinazopanda panda nachukua 471, inaanza kuzuia volti ikiwa juu kidogo zaidi lakini inaishi. Na nunua mpya, kwa sababu varista inachakaa kila inapopigwa, ya kwenye bodi bovu hujui imeshapigwa mara ngapi.

Sasa tuelewane hili boksi ni kitu gani, maana jina la kondishona limebeba mambo matatu tofauti na watu wanayachanganya. Kuna kuzuia spaiki, ile volti kubwa inayokuja kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kuna kuchuja kelele, yaani takataka za masafa ya juu zinazosafiri ndani ya waya. Na kuna kurekebisha volti yenyewe ikishuka au ikipanda ikakaa huko. Varista ni ya la kwanza tu. Koili na kapasita ni za la pili tu. La tatu halipo kabisa kwenye boksi ulilopanga kutengeneza, na kwa bahati mbaya ndilo ninaloshuku liliua sabufa yako.

Unajua ule msemo wa kwetu, waja leo waondoka leo. Spaiki ni hivyo, inakuja na kuondoka, varista inaimeza, yameisha. Lakini kuna mgeni mwingine anakuja na begi. Nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ikilegea au ikikatika huko juu kwenye nguzo, labda kuti la mnazi limeangukia waya, labda kiungo kimeliwa na kutu ya chumvi, basi nyumba zenu za mtaa ule ambazo ziko kwenye laini tatu tofauti zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe. Kati ya laini na laini kuna volti 400. Zinagawana kulingana na nani kawasha nini, jirani aliyewasha pasi na jiko anapata kidogo, wewe uliyewasha taa na tivi tu unaweza kupata 300 na zaidi, na inakaa dakika nzima, dakika tano, mpaka mtu azime au kitu kiungue. Varista hapo haina uwezo. Inafunguka, inachemka, inaungua, na volti bado ipo. Mimi mwenyewe nimepoteza amplifaya kwa staili hiyo msimu wa masika, na ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni ya bei mbaya yenye kitaa cha kijani kinachosema umelindwa. Kitaa kiliendelea kuwaka! Na ukizifungua hizi ekstensheni, nyingine ndani hakuna kitu zaidi ya hicho kitaa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni kile kinachokata umeme volti ikitoka nje ya mstari. Kuna tivigadi ya kuchomeka ukutani, na kuna ile rilei ndogo yenye namba zinazowaka ambayo fundi anaifunga pale kwenye breka. Inapima muda wote, ikizidi inakata, ikishuka sana inakata, na umeme ukirudi inasubiri kwanza kabla ya kuruhusu. Kule kusubiri ndiko dawa ya kile kishindo chako, kwa sababu umeme unaporudi mtaa mzima mafriji na feni zote zinavuta kwa pamoja, volti inayumba kwa sekunde kadhaa za mwanzo na hapo ndipo vitu vinapokufa. Mimi naseti chini 190, juu 255, kusubiri dakika mbili. Haina uchawi, inafanya kazi moja na inaifanya.

Haya, sasa ethi.

Ule mtekenyo nyuma ya tivi na ule muungurumo kwenye spika ni ndugu wa tumbo moja. Ndani ya vifaa vingi vya kisasa, kwenye mlango wa umeme, watengenezaji wameshaweka filta yao ndogo, na humo kuna kapasita mbili, moja kutoka laivu, waya unaoleta umeme, kwenda kwenye bodi ya chuma na nyingine kutoka nyutro kwenda hapohapo. Zinaitwa za aina ya Y. Kazi yake ni kumwaga kelele kwenye ethi. Sasa ethi isipokuwepo, kelele inamwagwa wapi? Hakuna pa kwenda, na zile kapasita mbili zinazofanana zinagawana volti nusu kwa nusu, chuma cha nyuma ya tivi kinaelea kwenye kama volti 115. Ukigusa ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji, mkondo mdogo unapita kwako kwenda chini, kwa kapasita ya nanofaradi 4.7 ni kama theluthi moja ya miliampia. Hauui, unatekenya. Ila usije ukazoea kwamba kutekenywa ni kawaida, kwa sababu siku kapasita au waya wa ndani ukiharibika vibaya hutapata onyo lingine, utakuwa ni uleule mguso lakini si mtekenyo tena.

Mkondo uleule unapokukosa wewe unatafuta njia nyingine. Unapita kwenye ganda la waya wa sauti kutoka tivi kwenda sabufa, na sabufa haijui kwamba huo siyo muziki, inaukuza tu, uuuuum. Jaribu hivi leo: chomoa waya wa sauti upande wa sabufa uiache imewaka peke yake. Ikinyamaza, kelele inaletwa na waya, ni hii habari ya ethi. Irudishe, halafu chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kama muungurumo unabadilika basi dishi nalo linachangia maana lile ganda la waya wake limegusana na nguzo ya chuma huko nje. Lakini kama sabufa inaunguruma hata ikiwa haina waya wowote wa sauti, hapo ni ugonjwa wake wa ndani, mara nyingi zile kapasita kubwa za pawa zimechoka au hiyo bodi uliyobadilishiwa ni ya kubahatisha, na hakuna boksi la nje litakaloiponya.

Sasa angalia mtego. Boksi unalotaka kutengeneza, kama watu wa kwenye video walivyolichora, lina kapasita za Y zaidi, na ni boksi la chuma. Ukilifunga kwenye soketi isiyo na ethi, boksi lenyewe linakuwa na mtekenyo, kila kitu kilichochomekwa humo kinapata mtekenyo kupitia ule mguu wa tatu, na muungurumo unaongezeka badala ya kupungua. Wale wa kwenye video kwao ethi ipo, ndiyo maana hata hawaitaji. Wewe ungefanya kazi siku mbili, ungechoma vidole kulehemu, halafu ungekaa kusikiliza ungesikia uuuum mkubwa kuliko jana.

Na wewe ni mpangaji najua utasema nyumba si yangu. Ongea na mwenye nyumba, mwambie suala ni usalama, siyo muziki. Kwenye nyumba zetu nyingi ethi ni rodi ya shaba iliyopigwa ardhini pembeni ya ukuta, waya wa kijani na njano unaingia kwenye breka halafu unasambaa kwenye soketi. Mara nyingi rodi ipo ila waya haukusambazwa, fundi aliokoa waya. Wakati mwingine waya upo ila rodi imekatika kwa kutu. Tanga yetu hii chumvi ya baharini haisamehe, nimefungua soketi za Chumbageni na Raskazone zimeota ukungu wa kijani kwenye skrubu kama chapa ya shilingi ya zamani, ukigusa waya unatoka wenyewe. Na ukiwa kwenye mchanga mkavu rodi fupi haishiki vizuri, inabidi ziwe mbili au iende chini zaidi, na hilo linapimwa kwa mita maalumu ya ethi, halikisiwi kwa macho. Hii kazi usiifanye mwenyewe. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mwambie apime ethi, akaze nyutro zote kwenye breka, na kama hakuna ile swichi ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30, aweke. Usikubali hata siku moja fundi akuunganishie mguu wa ethi na nyutro ndani ya soketi eti ni ethi ya kienyeji. Siku nyutro ikikatika chuma cha tivi yako kinakuwa laivu kamili, siyo nusu.

Besi nayo nikujibu haraka: haiongezeki. Umeme ukiingia kwenye sabufa unageuzwa kuwa wa moja kwa moja na kujazwa kwenye kapasita kubwa za ndani, besi inatoka kwenye hilo tangi. Filta haina la kuongeza kwenye tangi, ikiwa nyembamba inaweza hata kubana. Hiyo koili ya tivi ya chogo ilitengenezwa kwa tivi peke yake, ampia moja hivi au pungufu, ukiipitishia na sabufa iliyofunguliwa sauti inachemka. Filta inachosaidia kweli ni ile tap! inayosikika friji ya jirani ikizima, na mikwaruzo ya chaja feki za simu. Mara nyingi unaipata bure kwa kuchomeka chaja upande mwingine wa chumba.

Baada ya yote hayo, ethi imepatikana, gadi ipo, na bado mkono unawasha kutengeneza? Sikukatazi, mimi nilianza hivyohivyo na transfoma za redio mbovu. Ila ifanye ndogo na ya akili. Chukua ule mlango wa umeme wenye filta yake tayari ndani, wa chuma, kama waya wa kompyuta unapochomekwa, unapatikana kwenye mashine mbovu za fotokopi, umeandikwa ampia zake na mchoro juu. Huo umeshapimwa kiwandani, ni bora kuliko chochote tutakachokisuka mimi na wewe mezani. Ufunge kwenye kasha la chuma, ethi ifungwe kwenye kasha kwa skrubu yake peke yake, ukikwangua rangi mpaka chuma king'ae. Fyuzi: tivi yako, king'amuzi na sabufa vyote pamoja havifiki wati 300 kwa matumizi ya kweli, achana na maandishi ya kwenye katoni, hiyo ni kama ampia moja na kitu, kwa hiyo kwenye plagi toa fyuzi ya 13 weka ya 5. Halafu fyuzi ya joto, ile inayokata ikifika nyuzi 100 na kitu, iwe kwenye laivu, na varista ikae baada yake, upande wa kwenda kwenye vifaa, kati ya laivu na nyutro, zimefungwa pamoja zimegusana kabisa, ili varista ikianza kuchemka boksi zima lizime kabla moto haujaanza. Unapolehemu hiyo fyuzi ya joto bana mguu wake kwa koleo karibu na mwili, la sivyo joto la chuma cha kulehemu linaikata palepale, utazunguka wiki nzima unatafuta kosa. Mimi niliua mbili.

Zile kapasita ulizochomoa, angalia ubavuni. Kama haina alama ya X2 au Y2 haifai kukaa kwenye umeme wa ukutani, hata kama imeandikwa volti 400. Za kawaida zikiharibika zinaweza kugusana ndani zikawaka. Za Y zimetengenezwa zikiharibika zikatike. Na kabla hujafungua kitu chochote chomoa plagi ukutani, kuzima swichi haitoshi, subiri dakika chache, pima kwa mita. Ukimaliza lichomeke kwanza na taa tu, likae saa zima, ulishike kama lina joto. Kama hujawahi kulehemu kitu cha umeme wa ukutani, la kwanza usilifanye peke yako, nenda kwa fundi redio yeyote hapo mtaani ukae naye.

Radi nisiisahau. Hakuna kati ya hivi vyote kinachozuia radi ya karibu, na inaingia hata kwa waya wa dishi, inapita king'amuzi inakwenda kwenye tivi kupitia tundu la HDMI wakati boksi lako linaangalia tu. Mawingu yakijikusanya chomoa plagi na chomoa waya wa dishi. Vyote viwili.

Stebilaiza, ile ya kurekebisha volti yenyewe, utaihitaji tu kama volti zako zinashuka kweli, na tivi nyingi za siku hizi nyuma zimeandikwa 100 mpaka 240, hizo hazijali umeme mdogo, ni sabufa yenye transfoma ndiyo inalegea. Kwa hiyo usinunue kwa kuhisi. Na ukiona taa za ndani zinang'aa kupita kiasi halafu zinafifia, hata mara moja, zima mein swichi, chomoa kila kitu na piga simu TANESCO ya dharura, hiyo ni nyutro ya nje, siyo kazi ya fundi wa mtaani wala ya kupanda nguzo. Vilevile soketi ikiwa ya moto, ikinuka plastiki, au mtekenyo ukigeuka kuwa pigo, siku hiyohiyo aje mtu.

Kwa sasa nifanyie hivi. Azima mita kwa mtu anayejua kuitumia, akupimie soketi ya tivi saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa umewasha, mara moja bila kitu, mara nyingine pasi ikiwa imewashwa kwenye soketi hiyohiyo. Volti zikishuka zaidi ya kumi kwa sababu ya pasi moja basi kuna kiungo kimelegea mahali, soketini, kwenye breka au nguzoni. Niandikie hizo namba mbili na uniambie sabufa ilinyamaza au haikunyamaza ulipochomoa waya wa sauti, nitakwambia tuanzie wapi.